Nyavu mbili, ziwa moja: kisa cha jeti ya nyota changa kubwa iliyochambuliwa Mbeya

Kisa hiki kilitokea katika chuo kimoja jijini Mbeya, kwenye kazi ya shahada ya uzamili ya mwanafunzi niliyekuwa namsimamia. Nimeondoa jina lake, jina la chuo na jina la nyota yenyewe, kwa kuwa makala ya kitaalamu juu yake bado inaandaliwa. Vipimo nimevikadiria kidogo ili visomeke. Kosa ninalolieleza lilikuwa letu wawili, na sehemu yake kubwa ni yangu. Ninaliandika kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa fizikia wanaoanza kutumia data za darubini za redio wakiwa mbali na darubini zenyewe, kama sisi.

Usuli: kwa nini nyota hizi, na kwa nini redio

Nyota yenye tungamo linalozidi takriban mara nane ya lile la Jua huhesabiwa kuwa nyota kubwa. Nyota hizi ni chache na maisha yake ni mafupi. Jua litadumu takriban miaka bilioni kumi, ilhali zile kubwa zaidi humaliza safari yake ndani ya miaka milioni chache na kufa kwa mlipuko. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayovuta ilipikwa ndani ya nyota za aina hiyo. Kwa hiyo swali la jinsi zinavyozaliwa linatuhusu.

Shida ni kwamba zinazaliwa zimefunikwa. Mwanga wa kawaida hauwezi kutoka kwenye wingu zito la gesi na vumbi lililozizunguka. Mkazi wa Mbeya ataelewa haraka: kuna asubuhi za masika ambapo mlima Loleza huuoni kabisa kwa ukungu, na bado redio ya jirani unaisikia bila shida. Chembe nyingi za vumbi la angani ni ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, hivyo mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita huzipita kana kwamba hazipo. Jambo la pili ni umbali. Mahali pa karibu nasi panapozaliwa nyota kubwa, nyuma ya nebula ya Jabari, ni takriban miaka ya nuru 1,350 kutoka hapa. Chanzo chetu, yaani nyota tuliyoichunguza, kipo mbali zaidi, karibu miaka ya nuru 6,500.

Nyota changa inapokula gesi kutoka kwenye sahani inayoizunguka, sehemu ya gesi hiyo hurushwa nje kwa pande mbili zinazopingana. Katikati kuna jeti nyembamba ya gesi ya ioni, yaani gesi ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, inayokwenda kwa mamia ya kilomita kwa sekunde. Jeti hiyo husukuma gesi baridi iliyo njiani, na hapo hutokea mtiririko mpana wa molekuli unaokwenda polepole zaidi, ambao kwa kawaida hupimwa kwa mawimbi ya milimita ya molekuli za monoksidi ya kaboni. Kazi ya mwanafunzi ilihusu jeti, ile sehemu ya ndani.

Mfano ambao kila anayeingia kwenye fani hii hukutana nao uko katika kundi la Kausi, ambalo wengine huliita Mshale. Mwaka 1993 Josep Martí, Luis Felipe Rodríguez na Bo Reipurth walitumia darubini ya redio iitwayo VLA kuonyesha kwamba madoa ya gesi inayong'aa yaliyojulikana kama HH 80 na HH 81 ni sehemu ya jeti moja iliyonyooka. Kwa umbali uliokubalika wakati ule, jeti hiyo ilikuwa na urefu wa takriban miaka ya nuru 17. Mwaka 2010 Carlos Carrasco-González na wenzake wakachapisha ushahidi kwamba mawimbi ya redio ya jeti hiyo yana polaraizesheni, yaani yanatetema zaidi kwa kuelekea upande mmoja. Hiyo ni alama ya sinkrotroni: elektroni zinazokimbia karibu na kasi ya nuru zikizunguka kwenye uga wa sumaku. Mimi huwa nawaambia wanafunzi kwamba usiku wa Julai, baridi ya Mbeya inapobana na mbingu zikiwa safi, sehemu hiyo ya Kausi hupita juu yetu karibu na utosi, ikielekea kusini kidogo tu. Haionekani kwa macho, lakini nadhani inafaa kujua iko wapi.

Sasa kuhusu namba iliyotuponza. Ukipima nguvu ya redio ya chanzo kwa masafa mawili unaweza kuhesabu kielezo cha spektra, namba inayosema kama nguvu inapanda au inashuka masafa yanapoongezeka. Jeti ya gesi ya joto inayopanuka kadiri inavyosafiri hutoa kielezo cha karibu +0.6, kama Stephen Reynolds alivyokokotoa mwaka 1986. Gesi ya ioni iliyo nyepesi, ambayo mawimbi yake yote hutoka bila kuzuiwa, hutoa −0.1. Sinkrotroni kwa kawaida huwa karibu −0.7. Gesi ya joto peke yake haiwezi kushuka chini ya −0.1. Ukipata −0.5 kwa uhakika, una elektroni za kasi kubwa na una sumaku. Kwa nyota kubwa changa hilo ni jambo la kusisimua kweli, kwa sababu linagusa swali la kama nyota hizi huzaliwa kwa njia ileile iliyozaa Jua letu, kwa sahani na jeti inayoshikiliwa na sumaku, ila kwa kiwango kikubwa zaidi.

Data ilivyotufikia

VLA iko New Mexico, Marekani. Ina antena 27, kila moja ikiwa na kipenyo cha mita 25, zilizopangwa kwa umbo la herufi Y juu ya reli. Antena husogezwa mara kwa mara kati ya mipangilio minne mikuu, kuanzia A iliyotanuka sana hadi D iliyobanana. Muda wa usiri wa data ukipita, yeyote duniani anaruhusiwa kuzichukua. Tulipata chanzo kilichopimwa kwa mpangilio B katika GHz 6 na GHz 22, wiki tatu zikiwa katikati.

Kupakua kulitushinda. Mafaili yalikuwa ya makumi ya gigabaiti, umeme ulikatika mara mbili kwa usiku mmoja, na bando la chuo lilikwisha kabla ya nusu. Rafiki aliyeko Dar es Salaam akapakua kwake, akaweka kwenye diski, akaifunga kwa kitenge na kuikabidhi kwa kondakta wa basi. Nikaipokea stendi ya Nane Nane alfajiri.

Kilichotokea

Mwanafunzi alifanya kalibresheni, yaani kusahihisha vipimo kwa kuvilinganisha na vyanzo vinavyojulikana, kwa programu ya CASA kwa uangalifu ambao nimeuona kwa wachache. Kila hatua aliiandika kwenye daftari la mkono, ikiwa na tarehe na saa. Akatengeneza ramani ya GHz 6, kisha ya GHz 22. Katika ramani ya kwanza kulikuwa na kiini chenye nguvu, fundo dogo upande wa kaskazini-mashariki, na utando hafifu ulioizunguka yote. Katika ramani ya pili vilibaki kiini na fundo, vikali na safi. Utando haukuonekana.

Akachora kisanduku cha sekunde 15 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii) kuzunguka kila kitu, kisanduku kilekile kwenye ramani zote mbili, akajumlisha nguvu iliyomo. GHz 6 ilitoa milijansky 3.9, milijansky ikiwa kizio cha nguvu ya redio inayotufikia. GHz 22 ilitoa milijansky 2.1. Kielezo kikawa −0.48, na kosa la kipimo karibu 0.1.

Alikuja ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake. "Shikamoo mwalimu, naomba uje uone." Nilipoiona namba ile nilifurahi kuliko inavyompasa msimamizi. Nilimuuliza maswali mawili tu: kama nguvu ya chanzo cha rejea ililingana na jedwali, na kama kisanduku kilikuwa kilekile. Yote mawili alijibu ndiyo. Nikamwambia aandike muhtasari wa mkutano uliokuwa unafunga kupokea maombi baada ya siku nne. Muhtasari ukasema tumepata jeti ya sinkrotroni kutoka kwenye nyota kubwa changa. Nikautuma kwa jina lake na langu.

Kwa karibu mwezi mmoja tuliishi na matokeo hayo. Alianza kuandika sura ya mjadala. Mimi nilianza kuwasimulia wenzangu.

Simu kutoka Iringa

Mwenzetu mmoja anayefundisha Iringa alikuwa ameombwa kuisoma rasimu kama mtahini wa ndani. Alipiga simu jioni. Hakusema matokeo ni mabaya, wala hakusema ni mazuri. Aliuliza: "Ndugu yangu, katika GHz 22, jozi yenu fupi kabisa ya antena ina urefu wa mawimbi mangapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nasimamia tasnifu ambayo hitimisho lake lilitegemea namba hiyo, na sikuwa nimeihesabu. Nilimwambia nitampigia kesho yake.

Mwanafunzi aliihesabu ndani ya dakika tano. Katika mpangilio B jozi fupi kabisa ina takriban mita 210, na ndefu kabisa kilomita 11.1. Kwa GHz 6, ambako wimbi moja lina sentimita 5, hiyo ni kuanzia mawimbi 4,200 hadi kama 220,000. Kwa GHz 22 wimbi ni sentimita 1.36, kwa hiyo antena zilezile, zikiwa pale pale, zinaanzia mawimbi 15,400 na kufika zaidi ya 800,000.

Darubini ya antena nyingi haipigi picha kama kamera. Kila jozi hupokea umbo la ukubwa mmoja tu: jozi fupi huona maumbo mapana, jozi ndefu huona maumbo madogo. Ikikosekana jozi fupi ya kutosha, umbo pana haliingii kabisa kwenye data. Halionekani hafifu, halipo. Na kinachohesabiwa ni umbali kwa mawimbi, siyo kwa mita. Kwa GHz 6 katika mpangilio B, maumbo ya hadi karibu sekunde 29 za tao yanaweza kupimwa. Kwa GHz 22, kikomo hushuka hadi karibu sekunde 8. Utando wetu ulikuwa na upana wa sekunde 12 hivi.

Alinyamaza muda mrefu akiangalia namba zile. Kwao ni Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, na watu wa nyumbani kwao ni wavuvi. Kisha akasema: "Mwalimu, tumevua ziwa moja kwa nyavu mbili. Wavu wa mbasa na wavu wa usipa. Halafu tumehesabu samaki tukasema ziwa limebadilika." Akatafakari tena, akajisahihisha mwenyewe: kwenye ziwa wavu wenye matundu makubwa huponyokwa na wadogo, ila kwetu waliopotea ni wakubwa.

Nimefundisha somo hili mara kadhaa na sijawahi kulisikia likielezwa vizuri namna hiyo.

Tulivyopima upya, na sababu za kila uamuzi

Ingekuwa rahisi kukubali maelezo ya nyavu papo hapo kwa sababu yalikuwa yanavutia. Nilikwisha kuumia mara moja kwa kukubali kitu kinachovutia, kwa hiyo tulikubaliana kuorodhesha kila kinachoweza kuleta kielezo hasi cha uongo, na kuandika kwenye daftari, kabla ya kugusa kompyuta, kila sababu ingepaswa kuonekana vipi kama ndiyo ya kweli.

Tulianza na hewa. GHz 22 iko karibu kabisa na masafa ambayo mvuke wa maji angani hufyonza na kutoa mawimbi, GHz 22.235. Hewa yenye unyevu huvuruga mawimbi yanapofika kwenye antena mbalimbali, na ramani hupoteza nguvu. Ili kielezo chetu kipande kutoka −0.48 hadi −0.1, ambako gesi ya joto ingetosha kukieleza, hewa ingepaswa kuwa imemeza karibu asilimia 40 ya nguvu ya GHz 22. Tulichukua vipindi vya kwaza ya rejea, yaani kiini angavu cha galaksi ya mbali kinachotumika kusahihisha vipimo, tukatumia nusu yake kusahihisha nusu nyingine, kana kwamba ile nusu ya pili ndiyo nyota yetu. Upungufu haukufika asilimia 5. Hewa ikaondoka kwenye orodha.

Mabadiliko ya chanzo chenyewe yalihitaji fikra zaidi, maana nyota hizi hubadilika kweli. Katika eneo la W75N kuna chanzo kiitwacho VLA 2 ambacho mwaka 1996 upepo wake wa gesi ulikuwa na umbo la karibu duara, na kufikia mwaka 2014 ulikuwa umerefuka kuelekea upande mmoja. Miaka 18, kipindi ambacho mtoto anamaliza shule! Lakini vipimo vyetu vilitengana kwa wiki tatu. Gesi inayokwenda kilomita 500 kwa sekunde, ikiwa mbali kama chanzo chetu, husogea sekunde 0.05 za tao kwa mwaka mzima. Kwa wiki tatu ni kama haijasogea. Nguvu inaweza kuruka ghafla hata bila gesi kusogea, na hilo hatukuweza kulifuta kabisa, ila haikuwa sababu ya utando mpana kutoweka wote kwa pamoja.

Kalibresheni ya nguvu tuliirudia kwa dakika chache. Ilikuwa sawa.

Zikabaki nyavu. Hapa kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kutafuta data za GHz 22 zenye jozi fupi zaidi, mpangilio C au D, ili utando urudi. Ghala la data halikuwa nazo kwa chanzo hiki. Ya pili, kuziba masikio kwa makusudi: kutumia kwenye masafa yote mawili zile jozi tu zilizo kati ya mawimbi 16,000 na 220,000, na kuilazimisha ramani ya GHz 22 iwe na doa (ukubwa wa kitu kidogo kabisa ambacho ramani inaweza kukionyesha) la ukubwa uleule wa ramani ya GHz 6, sekunde moja ya tao. Njia hii hutupa data halali nyingi, na mwanafunzi alisikitika kuona jozi ndefu za GHz 22 zinaachwa, zile zilizompa ramani nzuri. Nilimwambia ramani nzuri tutaiweka kwenye sura ya umbo. Kwa kielezo, tunahitaji ramani zinazolingana.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wake, na kwa maoni yangu ndio ulioufunga mjadala. Alichukua ramani ya GHz 6 kama ilivyo, utando wake ukiwemo, akaiomba programu ikokotoe: kama anga lingekuwa hivi, antena zikiwa kwenye GHz 22 zingeona nini? Akatengeneza ramani kutokana na data hiyo ya kubuni. Chanzo kilichoingia kilikuwa na milijansky 3.9 kwenye masafa yote, kwa makusudi, yaani kielezo sifuri. Zilizotoka zilikuwa milijansky 1.4 hivi. Wavu wa GHz 22 peke yake, bila nyota kubadilika chochote, ulikuwa unapoteza karibu theluthi mbili.

Kulikuwa na uamuzi mwingine, mgumu kwangu: muhtasari wa mkutano ulikuwa umeshakubaliwa. Nikawaandikia waandaaji kuuondoa, na kueleza sababu bila kuzunguka. Mwanafunzi alipendekeza tubadilishe maneno tu, tubaki na nafasi. Nilikataa, kwa kuwa kichwa cha muhtasari kilitaja sinkrotroni, na watu wangekuja kusikiliza hiyo.

Matokeo

Ramani zilizolinganishwa zilitoa picha nyingine kabisa. Kiini kilikuwa na milijansky 0.9 kwa GHz 6 na 1.9 kwa GHz 22, kielezo +0.58. Hiyo ni jeti ya joto ya kawaida, karibu sawasawa na hesabu ya Reynolds. Ule utando, tunavyoamini sasa, ni gesi ya ioni inayomilikiwa na nyota nyingine iliyokomaa zaidi katika eneo hilohilo. Nyota kubwa huzaliwa kwa makundi, na majirani kama hawa ni wa kutarajiwa.

Fundo la kaskazini-mashariki lilitushangaza. Hata baada ya kulinganisha kila kitu, lilibaki hasi: milijansky 0.40 kwa GHz 6, na 0.21 kwa GHz 22, yaani −0.50. Ila likiwa dogo hivyo, kosa lake ni kubwa. Ukijumlisha kelele ya ramani na mashaka ya kalibresheni, unapata karibu 0.18. Tofauti yake na −0.1 ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kosa hilo. Jeti inapogonga gesi iliyosimama, mshtuko wake unaweza kuzipa elektroni kasi kubwa, na mahali pa kutarajia sinkrotroni ni hapo hasa, kwenye mafundo yaliyo mbali na kiini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa ni kweli. Kuwezekana hakutoshi kuandika kwenye kichwa cha tasnifu. Nakiri nilitamani tuliweke mbele. Mwanafunzi alisema, "Mwalimu, hilo naomba tuliache kwenye sura ya mwisho," na alikuwa sahihi.

Njia ya kulithibitisha kwa polaraizesheni ilikuwa imefungwa. Wenye mradi wa awali hawakupima vyanzo vya rejea vinavyohitajika kwa kazi hiyo, kwa kuwa swali lao lilikuwa lingine.

Tasnifu ilichelewa miezi mitatu. Ilipita, ikiwa na marekebisho madogo ya lugha.

Uchambuzi

Kosa la kiufundi linaelezeka kwa sentensi moja: tulilinganisha jumla ya nguvu kutoka kwenye data mbili zisizoona maumbo ya ukubwa mmoja. Linafahamika sana, limo kwenye kila kozi ya darubini za redio. Kinachostahili kuchambuliwa ni kwa nini watu wawili waliolisoma walilitenda.

Kisanduku kilitudanganya. Kwa sababu kilikuwa kilekile kwenye ramani zote mbili, kilitupa hisia kwamba tumelinganisha haki. Kisanduku hulinganisha eneo la anga, hakilinganishi kilichoruhusiwa kuingia kwenye ramani. Ramani ya GHz 22 yenyewe ilikuwa inatuonyesha kosa: utando wote umetoweka. Tuliiona, na kila mmoja wetu kimoyomoyo akasema ni ramani safi. Usafi ule ulipaswa kututia shaka, kwa sababu gesi ya ioni nyepesi ikiwa na −0.1 karibu haipungui kabisa kutoka GHz 6 hadi GHz 22. Utando uliokuwa na milijansky 2 na zaidi ulipaswa kuwa bado upo.

La pili ni mpangilio wa maswali yangu. Niliuliza maswali ya kuthibitisha, yale ambayo jibu lake lilikuwa tayari kwenye daftari. Mwenzetu wa Iringa aliuliza swali ambalo jibu lake halikuwepo popote. Tena aliuliza namba. Angesema tu "mmeangalia kama hamjapoteza nguvu?", naamini tungejibu ndiyo, na tungekuwa tunaamini tunasema kweli.

La tatu linahusu lugha, na nalichukulia kwa uzito. Mwanafunzi alikuwa anaujua msamiati wote wa jambo hili kwa Kiingereza. Alikwisha kuuandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Ulikuwa umekaa kichwani kama jina la mtaa ambao hujawahi kufika. Siku alipolisema kwa wavu wa mbasa na wavu wa usipa, alianza kuhesabu matundu, na ile fikra ya kuijaribu ramani ya GHz 6 kwenye antena za GHz 22 ilitoka hapo hapo: mwaga samaki unaowajua, uone wavu unarudisha wangapi. Tangu hapo vikao vyetu vya kila wiki tunavifanya kwa Kiswahili, na istilahi tunazitafuta pamoja hata zikituchelewesha. Tasnifu bado inaandikwa kwa Kiingereza kama kanuni zinavyotaka.

Kilichotuokoa kilikuwa daftari. Kwa kuwa kila hatua iliandikwa, kurudia uchambuzi mzima kulichukua siku tisa, na hakuna mahali tulipolazimika kukisia tulifanya nini. Diski ile iliyokuja kwa basi nayo ilisaidia kwa namna ambayo sikuitarajia: tulikuwa tumetunza data ghafi, hatukuzifuta ili kupata nafasi, japo nilishawishika. Bila hizo tungebaki na ramani tu, na ramani hazirudi nyuma kuwa data.

Kilichoshindwa kabisa ni siku nne za muhtasari. Sikumpa mwanafunzi nafasi ya kulikataa wazo langu. Yeye ni mdogo kwangu, ameleta habari njema, msimamizi amefurahi na kusema tuma. Katika mazingira yetu ni wangapi wangesema "mwalimu, tusubiri"? Nilipaswa kuisema mimi. Sasa muhtasari wowote unaotoka kwenye kundi letu husomwa kwanza na mtu asiye kwenye mradi, na mwanafunzi ndiye anayemchagua, siyo mimi.

Mabadiliko mengine ni madogo. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila mradi, kabla ramani yoyote haijafunguliwa, tunaandika jozi fupi na jozi ndefu kwa mawimbi kwa kila masafa, na ukubwa wa umbo pana kabisa linaloweza kuonekana. Kipimo cha data ya kubuni tunakifanya kwa kila kielezo tunachokusudia kuchapisha, hata kinapoonekana cha kawaida. Hiyo +0.58 nayo ilipitia humo.

Kuhusu fundo, tumeomba muda wa VLA kwa GHz 10, mpangilio B, pamoja na vyanzo vya rejea vya polaraizesheni. Darubini hiyo hupokea maombi kutoka nchi yoyote, na ombi limetumwa jina la mwanafunzi likiwa la kwanza. Kwa GHz 10 jozi fupi ya mpangilio B ina mawimbi 7,000, kwa hiyo ile mipaka ya 16,000 na 220,000 inatoshea ndani yake bila shida. Kama fundo ni sinkrotroni yenye kielezo tulichopata, linapaswa kuwa na karibu milijansky 0.31. Kama ni gesi ya joto, karibu 0.38. Kelele ya ramani inabidi isizidi 0.015 ili tuweze kuzitofautisha. Namba zote tatu ziko kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake, zikiwa na tarehe ya siku mbili kabla ya ombi kutumwa.